Karani wa Malipo Ni Mtumishi, Si Mlinzi wa Gereza

Katika kurasa nyingine tunafundisha habari za malaria, minyoo, maji safi na chanjo. Leo nataka kusema habari ya mtu mmoja ambaye wagonjwa wote humwona, lakini ni wachache wanaomfikiria kwa wema. Mtu huyu ni karani wa malipo, yule anayekaa dirishani mahali tunapopaita kese.

Hapigi sindano. Hapasui mtu. Hapimi damu. Lakini yeye ni mtu wa kwanza unayemkuta ukiingia, na ni mtu wa mwisho unayemwona ukitoka. Mgonjwa akipokewa vibaya pale dirishani, hata dawa nzuri ataimeza kwa moyo mchungu. Na akisikia kijijini kwake kwamba pale dirishani watu hudharauliwa, hatakuja kabisa. Kwa hiyo nasema wazi mawazo yangu: meza ya karani ni sehemu ya matibabu, kama vile kitanda na chumba cha kupasulia. Ikiharibika meza hiyo, hospitali nzima inaharibika.

KAZI YA KARANI NI NINI

Watu wengi wa Butembo na Beni hufikiri kwamba karani anakaa tu na kupokea fedha. Sivyo. Kwanza huandika jina la mgonjwa, umri wake, mtaa au kijiji chake, na siku aliyofika. Halafu hukusanya karatasi zote: ile ya daktari, ile ya chumba cha kupimia damu, ile ya dawa, na ile ya siku za kulala kitandani. Kila kitu lazima akiandike kwa bei yake. Mwisho hujumlisha, hupokea malipo, na kumpa mgonjwa karatasi ya kuonyesha kwamba amelipa. Jioni huhesabu fedha zilizo sandukuni na kuzilinganisha na kitabu. Zikipungua, anaulizwa. Zikizidi, anaulizwa vilevile, maana fedha iliyozidi ni fedha ya mtu aliyetozwa kupita haki.

Tena anafanya kazi hii katika fedha za namna mbili, franka na dolari, na bei ya dolari hubadilika. Mbele yake wamesimama watu wenye uchungu. Huyu mtoto wake ana degedege. Yule mke wake anavuja damu. Mwingine amefiwa sasa hivi. Si kazi nyepesi. Inahitaji kichwa kinachojua hesabu na moyo unaojua huruma, na vyote viwili lazima vikae katika mtu mmoja.

KWA NINI HOSPITALI YA MISHENI INADAI MALIPO

Wako wanaosema, “Hii ni hospitali ya misheni. Wageni kutoka ng’ambo wamekwisha kulipa. Mbona karani anatudai?” Neno hili ni la zamani, lakini si kweli.

Zamani misheni zilipata msaada mwingi kutoka nje. Wazee wetu wanamkumbuka Daktari Carl Becker wa Africa Inland Mission, aliyefanya kazi Oicha miaka mingi mpaka vita vya 1964, na maelfu ya wagonjwa wa ukoma waliotibiwa pale. Lakini nyakati zimegeuka. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, katika nchi ya Mali, wakakubaliana kwamba wananchi wachangie gharama za dawa, ili fedha hizo zinunue dawa nyingine na dawa zisikwishe kabisa vituoni. Tangu wakati huo malipo ya mgonjwa yamekuwa nguzo kubwa ya vituo vingi vya afya katika Kongo. Hata hospitali za serikali hutoza. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, au hupata kidogo sana, na chakula cha watoto wao hutoka katika fedha ile inayopita dirishani.

Dawa nazo zina bei. Kwa miaka mingi vituo vya Kivu ya Kaskazini vimenunua dawa kwa ASRAMES huko Goma. Vita vikifunga barabara, dawa huja kwa njia ndefu, na bei yake hupanda. Tena mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya msaada wake kwa nchi za nje. Basi msidhani kwamba kuna hazina iliyofichwa nyuma ya ukuta wa misheni. Anayekula yai leo na kumchinja kuku kesho, asilie keshokutwa kwamba hana yai. Tukitaka hospitali iendelee, lazima tuilishe.

FUNDISHO TULILOPATA WAKATI WA EBOLA

Lakini kuna upande wa pili, nao ni mzito. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia katika sehemu zetu. Ugonjwa ule haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na katika hao 2,287 walikufa. Butembo, Katwa, Beni, Mangina: hakuna asiyejua nyumba iliyopoteza mtu.

Mwanzoni mwa msiba ule, mwezi wa nane mwaka 2018, serikali iliagiza matibabu yawe bure kwa muda katika sehemu za Beni na Mangina, ili watu wasiogope kuja. Matokeo yake yalikuwa nini? Vituo vilijaa. Mama waliokuwa wakikaa nyumbani na watoto wenye homa walikuja kwa wingi. Fikirini jambo hili. Wagonjwa wale hawakuzaliwa siku ile. Walikuwako tangu zamani, mitaani na vijijini, wakijificha. Kilichowaficha si ujinga peke yake. Ni hofu ya dirisha la karani.

Tena tulijifunza kwamba kituo kilichojaa bila utaratibu ni hatari, maana Ebola iliwashika watu wengi ndani ya vituo vya afya vyenyewe. Na tulijifunza kazi ya kitabu cha karani. Jina la kweli, mtaa wa kweli na tarehe ya kweli viliwasaidia wale waliofuata nyayo za ugonjwa. Jina la uongo lilikuwa mlango uliofungwa: hakuna aliyejua ni nani wa kupewa chanjo, wala ni nyumba gani ya kwenda kuangalia. Ugonjwa ulirudi tena mwaka 2021, Butembo katika mwezi wa pili na Beni katika mwezi wa kumi. Basi karani anapokuuliza unakaa wapi, usimfikirie kuwa mpelelezi. Huenda swali lile litamwokoa jirani yako.

JAMBO LINALOTUAIBISHA

Sasa nasema neno ambalo wengine hawatalipenda. Katika nchi nyingi za Afrika, na kwetu Kongo pia, kuna desturi ya kumzuia mgonjwa aliyepona kwa sababu hajamaliza deni. Mama amejifungua salama, daktari amemwandikia kwenda nyumbani, lakini haruhusiwi kupita langoni. Hukaa juma moja, majuma mawili, mwezi, na mtoto wake mchanga mkononi. Mahali pengine hata maiti huzuiliwa, na jamaa hulia nje ya ukuta.

Wanaotetea desturi hii wana sababu, nami sizicheki. Wanasema: “Tukiwaachilia, hawatarudi kulipa. Wako wanaotoroka usiku kwa dirisha. Wako wenye ng’ombe na nyumba ya mabati wanaojifanya maskini. Hospitali itafungwa.” Ni kweli kwamba wadanganyifu wapo. Anayeweza kulipa naye akakimbia, ameiba dawa ya mgonjwa anayekuja nyuma yake. Hilo ni dhambi, hata kama hakuna polisi aliyemwona.

Lakini tupime jambo hili kwa hesabu, kama makarani. Mama aliyezuiliwa halimi shamba lake wala hauzi sokoni. Atapata wapi fedha? Kila siku anayokaa, kitanda chake kinakosa mgonjwa mwingine. Mtoto wake mchanga analala katikati ya watu wenye kifua na kuhara. Na hasara kubwa haiandikwi kitabuni kabisa: dada yake aliye kijijini, mwenye mimba ya miezi minane, amekwisha kusikia. Uchungu wake ukizuilika, atakaa nyumbani mpaka jua la tatu. Ndipo ataletwa juu ya pikipiki akiwa nusu mfu, na gharama yake itakuwa mara nyingi zaidi, kama bado yu hai.

Tena ni jambo la haki. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuia wanawake katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, huko Nairobi, kwa sababu hawakuweza kulipa, ni kuvunja haki zao. Sisi tuna Katiba ya mwaka 2006, nayo katika kifungu cha 47 inasema kwamba haki ya afya inalindwa. Hakimu wa dunia hii akiweza kuona jambo hili, je, hospitali yenye msalaba juu ya mlango isilione? Deni ni deni, na lazima liandikwe na kufuatwa. Lakini mwili wa mtu si rehani. Kristo aliununua kwa bei kubwa kuliko zote.

MANENO KWA MAKARANI

Ndugu karani, sikuandikii kama mtu anayekushtaki. Kazi yako ina ukoo mzuri. Mathayo aliitwa akiwa ameketi penye kutoza ushuru, na yule aliyezoea kuandika madeni ya watu ndiye aliyetuandikia Injili. Shika mambo haya:

1. Salimu kwanza, hesabu baadaye. “Jambo, mama. Pole. Mtoto anaumwa tangu lini?” Maneno haya hayana bei.

2. Mgonjwa wa hatari apite kwanza. Mtoto mwenye degedege, mama anayevuja damu, mtu aliyejeruhiwa: apelekwe ndani mara moja, na karatasi ifuate nyuma. Usiseme, “Leta fedha kwanza.”

3. Bandika bei mahali pa wazi, kwa Kiswahili na Kifaransa, kwa herufi kubwa. Bei iliyofichwa huzaa mashaka, na mashaka huzaa uchongezi. Asiyejua kusoma, msomee.

4. Mweleze mgonjwa kila kitu kilichoandikwa. Anayejua analipia nini hulipa kwa moyo mwepesi kuliko anayetajiwa jumla tu.

5. Usipokee kitu bila kutoa karatasi ya malipo, hata kama mtu ni shemeji yako. Wala usipokee zawadi ili kumpitisha mtu mbele ya wengine.

6. Usihesabu fedha za sanduku peke yako. Soma 2 Wafalme, sura ya 12. Siku za mfalme Yoashi kasisi Yehoyada alitoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, na fedha zilipokuwa nyingi, karani wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja. Hawakufanya hivyo kwa kuwa mmoja wao alikuwa mwizi. Walifanya hivyo ili jina la kila mmoja likae safi.

7. Jua vitu vinavyotolewa bure, nawe uviseme. Chanjo za watoto, dawa za kifua kikuu na dawa za wenye virusi vya UKIMWI hazina bei. Karani anayeuza kitu cha bure anauza uhai wa mtu.

MANENO KWA WAGONJWA NA JAMAA ZAO

Nanyi, ndugu, mna wajibu wenu.

Njoni mapema. Malaria ya siku ya kwanza hutibiwa kwa vidonge vichache. Malaria ya siku ya tano huenda ikahitaji damu, maji ya mshipani na kitanda cha juma zima. Wengi husema, “Naogopa gharama, acha ningoje.” Kungoja ndiko kunakoongeza gharama.

Semeni kweli. Toeni majina yenu ya kweli na mtaa wenu wa kweli. Kama huna fedha, mwambie karani siku ya kwanza, si siku ya kutoka. Mtu akisema mapema, daktari na karani wanaweza kupanga pamoja: nini ni cha lazima leo, nini kinaweza kungoja, na deni litalipwa kwa mafungu gani.

Ombeni karatasi zenu, mzitunze. Kama jumla haieleweki, ulizeni kwa utulivu. Kuuliza si ugomvi. Matusi ndiyo ugomvi, na karani naye ni mtoto wa mtu.

Msimpe mtu fedha kando ya dirisha. Anayesema, “Nipe mimi, nitakusaidia kupita,” hakusaidii. Fedha ile haitaonekana kitabuni, nawe utadaiwa mara ya pili.

Mkiahidi kulipa baada ya kuvuna, lipeni baada ya kuvuna. Kila deni linalolipwa humpa karani ujasiri wa kumwamini maskini anayefuata. Kila deni linalokimbiwa humfungia mlango.

MANENO KWA KANISA

Najua mtaniuliza: kama mgonjwa hana kitu, na hospitali haina kitu, ni nani atakayelipa? Swali hili ni la haki, na jibu lake siliwekei karani peke yake. Naliweka mbele ya kanisa.

Tangu mwaka 2014 watu wa sehemu za Beni wamekuwa wakiuawa na kufukuzwa mashambani mwao. Waliokimbia wamejaa katika nyumba za jamaa zao Oicha, Beni na Butembo. Mtu aliyeacha kahawa yake, kakao yake na mbuzi zake porini hawezi kuwa na akiba. Kumwambia “ulipe kwanza” ni kumwambia “ufe kwanza.”

Kumbukeni Msamaria katika Luka, sura ya 10. Tunahubiri sana habari ya mafuta na divai na punda wake. Lakini mara chache tunahubiri habari ya kesho yake asubuhi. Kesho yake alikwenda kwa mwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Hapo ndipo palipokuwa na kese na karani! Angalieni: deni lile liliandikwa kwa jina la Msamaria, si kwa jina la yule mwenye majeraha. Majeruhi hakuzuiliwa. Wala mwenye nyumba hakupata hasara. Maana palikuwa na mtu wa tatu aliyesema, “Mimi hapa.” Mtu huyo wa tatu ndiye kanisa.

Hatuhitaji kungoja wageni. Sisi watu wa Butembo na Beni tunajua kuchanga. Tuna likirimba, tuna vyama vya akiba, tunachangia harusi na matanga. Tufanye hesabu ya mfano. Kanisa lenye washiriki 200, kila mmoja akiweka noti ya franka 500 kila juma, hupata franka 100,000 kwa juma. Kwa majuma 52 ni franka 5,200,000. Fedha hizo ziwekwe katika sanduku la wagonjwa, lihesabiwe na watu watatu, na mmoja wao awe mama. Litawatoa hospitalini mama wengi waliojifungua. Tena iko njia kubwa zaidi, nayo ni mutueli ya afya, ambayo kila jamaa hulipa kidogo wakati wa afya ili isaidiwe wakati wa ugonjwa. Nchi yetu ina sheria ya mutueli tangu tarehe 8 Februari 2017. Kanisa likikusanya jamaa zake na kuingia pamoja, mzigo huwa mwepesi.

Wachungaji na wazee, andikeni barua ya kumdhamini mshiriki maskini mnayemjua, na mfuate deni lake kama mnavyofuata zaka. Wala msiwasahau waliokimbia ambao hawajaandikwa katika daftari la kanisa lolote. Yule mwenye majeraha njiani hakuulizwa anasali wapi.

Basi, ndugu msomaji, ukifika dirishani leo, msalimu karani kwa jina lake. Nawe karani, mtazame mgonjwa usoni kabla ya kutazama karatasi yake. Hesabu ziwe za kweli, mlango uwe wazi, na deni la maskini libebwe na mabega mengi. Siku moja vitabu vyote vitafunguliwa mbele ya Bwana, na kitabu cha kese kitakuwa kimojawapo. Bwana atusaidie tuandike ndani yake mambo ambayo hatutaona haya yakisomwa.